Kibaba si Pishi

Leseni niliisoma mara tatu
dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
feni ikihamisha joto kutoka kona hadi kona.
Ilisema: chukua. Fungua, tazama ndani,
badili utakacho, nakili, gawa, hata uza,
ila utakayempa naye mwachie mlango wazi
kama ulivyoukuta.
Nikacheka peke yangu. Nani siku hizi
anakupa nyumba, na funguo,
na mchoro wa fundi aliyeijenga?

Programu yenyewe iliitwa Pishi.
Mwanahawa Shekue wa Chumbageni aliwaandikia wapima machungwa,
na juu yake akachora tenga lililoinama kidogo,
chungwa moja likichungulia ukingoni.
Nikaongeza hesabu ya debe na ya gunia,
risiti kwa Kisambaa kwa anayetaka,
na mstari mmoja, mmoja tu, wa kukata desimali,
maana desimali hunichosha macho.
Nikawauzia madalali wa Muheza.
Jina sikuligusa. Tenga sikuligusa.
Jina ndilo lililokuwa likiuza.

Mstari ule ulikuwa unakula nusu kilo.
Kila upimaji, nusu kilo, kimya kimya kama mchwa.
Semkiwa mkulima hakunijua mimi.
Alijua tenga lililoinama.
Akalifuata hadi Chumbageni, risiti kumi na moja mkononi,
akasimama barazani kwa Mwanahawa, akamwita mwizi
mbele ya wapangaji.

Barua yake ilikuwa fupi kuliko hasira yangu:
«Msimbo ni wako kama ulivyo wangu, endelea nao.
Jina sikukupa, wala tenga. Vitoe.»

Uhuru gani huu wenye kiraka?
Unipe ng'ombe mzima, mkia uushike wewe?
Nikaisoma leseni mara ya nne, nikilitafuta jina
kama mtu anayetafuta sindano aliyoikalia.
Kunakili kumo. Kuuza kumo.
Jina halimo.

Kwetu, ukitaka kumpa mtoto jina la mtu
unakwenda kwa mwenyewe, unavua viatu,
unasema: nataka huyu awe somo yako.
Naye akikubali anajua
siku mtoto akivunja kioo cha watu
jina lake ndilo litakaloitwa mtaa mzima.
Mimi nilimwita mwanangu Pishi
bila kubisha hodi.

Sitasema uongo, ubishi haukuniisha.
Je, kesho tajiri akilinunua jina lile
akalifanya ukuta, watu wakauogopa ukuta
wakasahau kwamba mlango u wazi?
Swali hilo nimelitia drooni. Bado limo.

Usiku ule nikaanza kufuta.
Jina lilijificha mahali mia moja na saba:
kwenye menyu, kwenye risiti,
hata kwenye ujumbe wa kuomba radhi mashine inapokwama.
Nikaliacha pahala pamoja, chini, kwa herufi ndogo:
imetokana na Pishi ya Mwanahawa Shekue.
Kutaja mzazi si kujifanya mzazi.
Mstari wa desimali nikaung'oa na mizizi yake.
Halafu nikaiita Kibaba,
kwa kuwa bibi yangu alipima mtama hivyo,
vibaba vinne, pishi moja.
Nikachora kikombe cha bati, kibaya,
mpini wake kama sikio.

Madalali wakakunja nyuso.
«Kibaba ndiyo nini? Sisi tunataka ile ya tenga.»
Wiki tatu sikuuza hata moja.
Wa kwanza alinunua kwa kunihurumia,
wa pili kwa sababu ya wa kwanza.

Jumatatu iliyopita, saa mbili asubuhi, mlango ukagongwa.
Mama mmoja wa Makorora, risiti imekunjwa kiganjani,
kikombe cha bati juu yake.
Hesabu imekosea, akasema. Kibaba ni ya nani?
Nikavuta kiti, nikakifuta vumbi.
Ni yangu, nikamwambia. Kaa tuitazame.